Kuna wengine hapa pwani waliowapenda Waukraine na kazi zao, ama ni mimi tu?

mshonakofia_amu

Assalam aleikum nyote, na wasio Waislamu hamjambo. Swali langu lina maelezo marefu, naomba mnisomee mpaka mwisho.

Mimi nashona kofia za vito hapa Amu, kazi nimeikuta kwetu kwa nyanya na mamangu, na kwa muda sasa nimekua nikiwafuatilia kwa YouTube wanawake wa Ukraine wanaoshona kwa mkono. Hasa wa upande wa Poltava, kuna mji mdogo unaitwa Reshetylivka, hao wanashona uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hakuna rangi nyengine hata kidogo, ua unaliona kwa vile mwanga unavopiga uzi tu. Na katikati ya maua wanatoboa vitundu vya duara wanazungushia uzi kila tundu mpaka linakaza halifumuki. Aliyewahi kushika sindano ya kofia anajua nasema nini. Nlipoona mara ya kwanza nlimwita mamangu, akavaa miwani akatizama weee, akaniuliza hawa ni watu wa Siu ama wa Pate?

Bas nikaanza kusoma. Shati lao la kushonwa linaitwa vyshyvanka na kila jimbo lina mkono wake, mjuzi akiangalia kifua na mikono ya shati anajua umetoka wapi. Poltava nyeupe. Kule milimani Karpati kwa Wahutsul ni nyekundu, machungwa na njano zinawaka. Borshchiv upande wa magharibi wanajaza mkono mzima wa shati kwa uzi mweusi mpaka kitambaa hukioni, na inasimuliwa kua ni weusi wa msiba, wanawake waliofiwa na waume zao vitani zamani.

Lakini uzuri peke yake haungenikalisha macho usiku. Kilichonishika ni kwamba wanavaa! 2006 wanafunzi wa chuo kikuu cha Chernivtsi waliambiana siku moja tuje wote na mashati ya kushonwa, jambo la vijana tu, na sasa kila Alhamisi ya tatu ya mwezi wa tano nchi nzima inavaa, ofisini, shuleni, kwa treni, wanajeshi nao, na walioko Kanada na kwengineko pia. Sisi kofia bado tunavaa Ijumaa na Maulidi na harusini alhamdulillahi, lakini angalieni vizuri vichwani, nyingi sasa ni za mashine zimetoka nje, na ile iliyokaa mkononi mwa mtu miezi inanunuliwa na mgeni ama tajiri. Wasichana wanaojifunza wanapungua. Nikiwaona wale vijana wao wa umri wa wanangu wanajivunia sindano ya bibi zao moyo wangu unajaa.

Halafu nikasoma walikopita. 1876 mfalme wa Urusi alipiga marufuku vitabu kuchapishwa kwa Kiukraine. 1932 mpaka 1933 serikali ya Stalin iliwachukulia nafaka, wakafa njaa mamilioni juu ya ardhi yenye rutuba kushinda nyingi duniani. Na baada ya hayo yote bado wanaimba kwao, wanashona kwao, wanajiita kwa jina lao. Mimi siwezi kuona hivo nikapita.

Sasa nauliza, kuna wengine hapa pwani walioguswa na hawa watu, na mmependa nini kwao? Manake naona watu wa nchi chungu nzima wasio na udugu nao wanajifunza lugha yao na kupika vyakula vyao. Na la pili ambalo ndo linaninyima raha, nataka kutia ua la Poltava kwenye kofia ya Amu, kofia ya vito kamili lakini ua liwe lao. Hiyo ni heshima ama ni kuchukua cha watu bila ruhusa?

mamamahamri_mld

Waleikum salam dadangu. Mimi niko Malindi, Kisumu Ndogo, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Ushonaji siujui lakini Waukraine nimewajua kupitia unga.

2022 vita vilipoanza mwezi wa pili unga wa ngano ukapanda bei mpaka tukawa tunakata mahamri madogo na wateja wananung'unika, nikadhani ni mambo ya wenye maduka tu. Kijana wangu ndo akanikalisha chini akanieleza kwamba ngano nyingi tunayokula Kenya hatulimi sisi, na Ukraine na Urusi ni katika wanaotuuzia, na sasa meli zimefungiwa bandari yao ya Odesa haziwezi kutoka. Toka siku hiyo nikawa nafuatilia habari za Bahari Nyeusi kama habari za nyumbani. Mwezi wa saba wakatia sahihi mkataba wa nafaka Istanbul, Uturuki na Umoja wa Mataifa wakisimamia, meli zikaanza kutoka. Mwezi wa nane ikatoka moja inaitwa Brave Commander na tani 23,000 za ngano, imekodiwa na Shirika la Chakula Duniani, ikaja mpaka Djibouti kwa ajili ya watu wa Ethiopia waliokua na ukame. Na mnakumbuka ule mwaka hata sisi huku Kilifi, Ganze na Magarini watu walikua hali mbaya, ng'ombe wanakufa, kwa hiyo nlijua ile ngano inakwenda kwa watu wa namna gani.

Mimi nawapenda wakulima wao. Mtu shamba lake limetegwa mabomu, jirani amepoteza mguu, trekta limepigwa, na msimu ukifika anatafuta namna anapanda. Kisha unga ule unakuja unakua chakula cha mtoto wa Malindi anaeenda shule. Kila nikikanda nawaombea.

Kwa swali lako mimi nasema shona dadangu. Na kama kuna mtu anajua kupika ile supu yao nyekundu anieleze, nimeiona lakini sijui wanaanzia wapi.

kijana_wa_faza

Dada samahani, mimi nitasema ya moyoni bila kuficha. Siwachukii hao watu na kazi ya sindano ni nzuri mashallah. Lakini vile dunia ilivolia na Ukraine mimi nlitamani ilie hivo hivo na Gaza, na Sudan, na Yemen. Milango ya Ulaya ilifunguka kwa wao siku moja tu. Na wakati huo huo wanafunzi wa Kiafrika waliokua wanasoma kule walikua wanarudishwa nyuma mipakani, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari 2022 kusema kumbagua Mwafrika anaekimbia vita ni ubaguzi wa kutisha na ni kinyume cha sheria za kimataifa. Mimi hilo halijanitoka. Sasa mtu akija kuniambia niwapende napata uzito, nakwambia ukweli.

mshonakofia_amu

Kakangu wa Faza nimekusikia na sikukatazi hata neno moja. Gaza naiombea kila sala. Lakini walioamua dunia imlilie nani na imuache nani ni wakubwa wenye televisheni na wenye viti vya enzi, mwanamke wa Reshetylivka na sindano yake hakukaa kwenye kikao hicho. Mapenzi yangu kwake sikuyatoa kwa mtoto wa Gaza nikampa yeye, kila mmoja ana yake.

Na jengine, kuna Waislamu wenzetu ndani ya habari hii ambao watu hawawataji. Watatari wa Crimea. Mei 1944 Stalin aliwakusanya karibu watu laki mbili, wazee, wanawake, watoto, wakatiwa kwa mabehewa ya treni wakapelekwa Uzbekistan na kwengine, maelfu kwa maelfu wakafa, na kurudi kwao kwa wingi hawakuweza mpaka mwisho wa miaka ya 1980. Wamerudi, 2014 Urusi ikaichukua Crimea, wengine ikabidi wahame tena. Hawa nao wana michoro yao inaitwa ornek, wanaitia kwa nguo, vyungu, mbao, vito vya kuvaa, UNESCO iliiandikisha 2021 kwa jina la Ukraine. Kila umbo ni mtu: waridi ni mwanamke alieolewa, ua la lozi ni msichana, mti mrefu mwembamba, namna ya mvinje, ni mwanamume mzima. Ukipanga maumbo umepanga familia. Nlivosoma hivo nlilia wallahi, manake watu waliofukuzwa mpaka nyumba zao zikapewa wengine walibakia na familia zao kwenye kitambaa.

nlisoma_kharkiv

Nimesoma nikaona lazima niandike kwa sababu mimi nlikua huko. Mzaliwa wa Malindi, nlienda Kharkiv kusoma udaktari, na tulikua wengi sana, 2020 wanafunzi wa kigeni Ukraine walikua zaidi ya 76,000 na karibu robo yao Waafrika, Wamorocco, Wanigeria, Wamisri, na sisi Wakenya kiasi.

Kijana wa Faza umesema kweli na nataka nianzie hapo. Mpakani tulisimama kwa baridi usiku kucha, foleni yetu sisi weusi ikawekwa kando, askari mmoja akatusukuma nyuma kama hatukua watu. Hilo ninalo kifuani sitalitoa. Lakini kwenye treni ya kutoka Kharkiv kwenda Lviv, behewa limejaa watu wamesimama mpaka chooni, mama mmoja nisiyemjua alimpakata mwanawe mkubwa ili mimi nipate pa kukaa, akanikatia mkate na mfuko wake ulikua mdogo. Huyo nae ninae kifuani. Wote wawili ni wa wiki moja. Mimi naomba tukiwapenda Waukraine tuwapende kama watu, sio kama malaika, malaika hahitaji kupendwa.

Nlichopenda kwao ni ukarimu ambao hausemi sana. Ukiwaona barabarani nyuso zimefungwa utasema wana hasira na wewe. Ingia nyumbani sasa. Bibi mwenye nyumba niliyopanga hakunichekea mwezi mzima wa kwanza, halafu msimu wa baridi ulivoanza akaleta chupa kubwa kubwa za matango na nyanya alizotia chumvi mwenyewe kutoka shamba lake dogo, akaziweka jikoni kwangu bila kusema kitu, akaondoka. Kila mwaka akawa anafanya hivo. Kwenye harusi na mapokezi ya mgeni wa heshima wanatoka na mkate juu ya kitambaa kirefu kilichoshonwa, chumvi iko juu, mgeni anamega anachovya anakula kabla ya neno lengine lolote. Mtu wa pwani hapo hafundishwi, anaelewa tu.

Kharkiv iko karibu sana na mpaka wa Urusi na wengi kule walikua wanaongea Kirusi majumbani kwao. Vita vilivoanza watu walihamia stesheni za treni za chini ya ardhi, wakaishi humo miezi, watoto wakafundishwa humo humo. Baadae mji ukafungua madarasa ndani ya stesheni, na 2024 wakafungua shule nzima iliyochimbwa chini ya ardhi ili mtoto asome king'ora kikilia ama kisilie. Ukiniuliza kwa nini watu wa mbali wanawaheshimu mimi nitakujibu kwa hiyo shule. Mji unapigwa makombora na wazazi wanawaza mwanangu atakosa hesabu.

Sasa kuhusu kofia. Dada, bibi yangu yule bado tunaongea kwa simu, nimemsomea swali lako jana. Amefurahi mno, akasema umuoneshe ikiisha. Kitu kimoja tu kinawaumiza Waukraine, mgeni kuchukua kitu chao akakiita cha Kirusi. Ndo maana ile supu nyekundu ya borscht walihangaika nayo mpaka UNESCO ikaiandikisha tarehe 1 Julai 2022 katika orodha ya vinavohitaji kuhifadhiwa haraka, kwa sababu vita vimewatoa watu kwenye majiko na mashamba yao. Wewe ukiuza ile kofia sema ua limetoka Poltava, Ukraine. Ukisema hivo hujaiba kitu.

mtunzi_mkomani

Mwanangu mshona kofia, mimi ni mtu mzima na mambo ya video siyawezi, mjukuu ndie anaeniandikia. Lakini nina habari moya ya mshairi wao nataka muisikie, kwani kila nikiifikiri napata nguvu.

Taras Shevchenko alizaliwa 1814 akiwa mtwana wa mwenye shamba. Si utumwa wa kuuzwa sokoni kama tulioujua hapa kwetu, lakini mtu na wanawe walikua mali pamoja na ardhi. Alikua na mkono wa kuchora. Wasanii wakubwa wa St. Petersburg wakamuonea huruma, mchoraji Karl Bryullov akachora picha, ikachezewa bahati nasibu, zikapatikana ruble 2,500 akakombolewa 1838. Baada ya miaka miwili akatoa kitabu cha mashairi kwa lugha ya mama yake, lugha ambayo wakubwa walikua wakisema ni ya wakulima tu haiwezi kubeba shairi. 1847 akakamatwa kwa mashairi yake akapelekwa mbali kabisa kuwa askari, na mfalme akaongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba asiandike wala asichore. Akaandika! Kwa vijitabu vidogo alivyovificha ndani ya kiatu.

Sasa sikizeni. 1858 ametoka kifungoni, yuko St. Petersburg, akaja mwigizaji wa michezo ya jukwaani anaitwa Ira Aldridge. Mtu mweusi, mzaliwa wa New York 1807, wakati Marekani bado watu weusi wanauzwa. Wakapendana siku ya kwanza. Lugha moja hawana, binti wa nyumba ya Fyodor Tolstoy mchoraji akawa mkalimani wao. Shevchenko akimuimbia nyimbo za Ukraine, Aldridge akimuimbia nyimbo za watu weusi wa Marekani, na mwaka huo huo Shevchenko akamchora picha yake ambayo ipo hadi leo. Yule aliyekua mtwana na yule ambaye watu wake walikua bado minyororoni. Nyinyi mnauliza watu wa mbali wanawapendea nini hawa, mimi naona mtu mweusi alilijua jibu miaka mingi kabla yetu.

Na ua hilo litie mwanangu. Milango ya mui wetu hunu ina mkono wa Mwarabu na wa Mhindi na wa fundi wa Siu, na hakuna anaesema si mlango wa Amu. Ila lishone sawasawa kama wao wanavolishona, usilikate njiani kwa sababu ni refu. Ukijifunza mkono wa mtu mpaka mwisho ndo umemheshimu.

mbajuni_kiunga

Nongeze moja fupi. Mimi nlianza kuwafikiria Waukraine usiku ule balozi wetu Martin Kimani alivosema pale Baraza la Usalama, Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya uvamizi. Alisema mipaka ya Afrika hatukuichora sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon, na ng'ambo ya kila mpaka kuna ndugu zetu wa damu, lakini tungeamua kufuata kabila na dini tungekua tunapigana mpaka leo. Mimi Mbajuni, ndugu zangu wako upande huu na upande wa Kismayu, mpaka umepita katikati ya ukoo. Nlivoisikia ile hotuba nikahisi imeandikwa nyumbani kwetu. Na watu duniani kote wakaisambaza. Kwa hiyo dada usifikirie Kenya tuko mbali sana na jambo hili, tulilisemea mapema na kwa sauti ya kwetu.

shabiki_ngala

Mzee wa Mkomani umetaja Shevchenko na mimi nina Shevchenko mwengine hahaha. Andriy, mshambuliaji wa AC Milan, Ballon d'Or ya 2004. Hapa Malindi na Wataliano waliojaa mji huu tulikua tunaangalia Milan kama timu ya mtaa, kuna mabichi boi wanalijua jina lake kabla hawajajua Ukraine iko wapi.

Lakini ninaempenda zaidi ni Yaroslava Mahuchikh wa kuruka juu. Machi 2022 kwao Dnipro vita vimeshaanza, akatoka kwa gari siku tatu, mabomu yanasikika, mpaka Belgrade mashindano ya dunia ya ndani, akaingia uwanjani akachukua dhahabu. Halafu Julai 7, 2024 Paris, hii kila Mkenya anaijua bila kujua! Siku ile ile, uwanja ule ule Faith Kipyegon wetu alivunja rekodi yake ya mita 1500 kwa dakika 3:49.04, Mahuchikh nae akaruka mita 2.10 akavunja rekodi ya Stefka Kostadinova wa Bulgaria iliyokaa toka 1987. Mwanamke wa Kenya na mwanamke wa Ukraine jioni moja. Nlikua napiga kelele peke yangu nyumbani. Mwezi uliofuata wote wawili wakachukua dhahabu ya Olimpiki hapo hapo Paris. Na unamuona katikati ya miruko amelala ndani ya mfuko wa kulalia, ametulia kabisa, watu wote uwanjani wamesimama.

Na wale mnaofanya mahotelini, ule wimbo wa kengele, Carol of the Bells, unaopigwa kila Desemba toka Watamu mpaka Mambrui, ule wa haraka haraka, ni wa kwao. Mykola Leontovych ndie aliutunga, ukaimbwa Kyiv 1916, na 1922 kwaya yao ikaupeleka mpaka Carnegie Hall New York. Mwenyewe aliuawa 1921 hakuona ulivopendwa.

mshonakofia_amu

Nimesoma yote na mamangu nimemsomea, ya mzee wa Mkomani amenirudisha mara mbili. Nashukuru sana, na kijana wa Faza wewe pia, uliyosema yamefanya watu waongee kweli.

Nimeamua nitatia. Ua litakaa pembeni ya kofia kwenye ule mzunguko wa chini na vito vyetu vitabaki juu kama kawaida. Uzi mweupe juu ya nyeupe, sitaongeza rangi. Mwenye kununua nitampa karatasi nimeandika mkono gani ni wa Amu na mkono gani ni wa Poltava. Na nimewaza kuwakusanya wasichana wa mtaani niwafundishe wakati nashona, hao wa kwao kilichowasaidia ni vijana kukubaliana kuvaa, sisi pia tukianza na siku moja kila mtu atoke na kofia ya mkono sio ya mashine tutakua tumefanya kitu. Mwezi wa Maulidi ungefaa.

Kaka wa Kharkiv naomba unifanyie jambo moja. Muombe bibi apige picha upande wa NYUMA wa kitambaa, wa mbele nauona kwa video lakini mwendo wa uzi unajulikana nyuma. Na tafadhali mpe mamamahamri ile supu.

nlisoma_kharkiv

Picha nitazipata leo jioni, anae jirani mwenye mashati ya zamani ya Poltava ya mama yake. Nitakutumia zote mbele na nyuma.

Mamamahamri, borscht ni hivi. Chemsha nyama ya ng'ombe ya mfupa taratibu mpaka ilainike, hiyo supu ndo msingi usiharakishe. Wao wengi hutumia na nguruwe, sisi ng'ombe tu na inatoka tamu. Bitiruti mbili kubwa kwaruza ama kata vijiti, kaanga pembeni na vitunguu na karoti na nyanya, na utie siki kidogo ama ndimu mapema, asidi ndo inashika ule wekundu la sivyo supu itageuka rangi ya matope. Kwenye supu tangulia na viazi, vikikaribia kuiva tia kabichi ilokatwa nyembamba, na bitiruti iwe ya mwisho kabisa, ikishaingia usiiache itokote sana. Kitunguu saumu kilichopondwa unatia wakati unazima moto, funika. Kwenye bakuli juu weka kijiko cha mtindi mzito na dania, wao wanatumia krimu yao chachu lakini mtindi wetu unakaa vizuri kabisa.

Kule wanakula na vimkate vidogo laini vilivopakwa kitunguu saumu na mafuta, na wewe mikono ya mahamri unayo kwa hiyo hapo sikufundishi. Pika sufuria kubwa, siku ya pili ndo inakolea.